Blasio Kigozi: Mwalimu aliyefunga juma zima kwa ajili ya Gahini

Anayepeleka mzigo kutoka Kayonza kwenda mpaka wa Kagitumba hupita Gahini, mlima ulio kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Madereva wengi hawasimami hapo. Ila hospitali, kanisa na shule wanazoziona wakipita ndizo zilizokuwa mzigo wa kijana mmoja wa Kiganda mwaka 1935. Aliacha kazi kwa juma moja, akajitenga katika kibanda kidogo, akafunga na kuomba kwa ajili ya watu wa mlima huo.

Kijana huyo aliitwa Blasio Kigozi. Alifariki Januari 1936 akiwa na umri wa miaka ishirini na sita au ishirini na saba. Katika makanisa ya Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanzania jina lake bado linatajwa, hata na watu wasioweza kusema alikotoka.

Alizaliwa Buganda mnamo 1909 katika jamaa ya chifu. Kaka yake mkubwa alikuwa Simeoni Nsibambi, mtu aliyeheshimiwa sana mjini Kampala. Nsibambi alisoma Mengo na King's College Budo, akatumika katika kikosi cha utabibu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akapata kazi nzuri ya serikali katika idara ya afya. Mwaka 1922, baada ya kuukosa msaada wa masomo ya ng'ambo aliokuwa akiutamani, aligeuka na kushika dini kwa namna iliyowashangaza jirani zake. Baadaye akaiacha kazi ya mshahara, akawa mhubiri asiye na cheo chochote kanisani. Blasio alikua akimtazama kaka huyo.

Alisomea ualimu Mukono. Mwaka 1929, akiwa na miaka ishirini hivi, alivuka mpaka kwenda Gahini kufundisha.

Ni vizuri kukumbuka maana ya kuvuka mpaka mwaka huo. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, Rwanda chini ya Wabelgiji. Mashariki ya Rwanda ilikuwa katika njaa iliyoitwa Rwakayihura, njaa ya 1928 na 1929, iliyoua watu wengi na kuwafukuza wengine kwenda Uganda kutafuta chakula. Wanyarwanda walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda Buganda kulima pamba na kahawa ya watu. Blasio alikwenda kinyume cha msafara huo. Alitoka kwenye mashamba na mishahara, akaelekea kwenye njaa, katika nchi ambayo lugha yake hakuijua. Waganda wa wakati ule hawakuipenda kazi ya namna hiyo, kwa maana huko kulikuwa mbali, mshahara ulikuwa mdogo, na mtu wa jamaa ya chifu hakuwa na sababu ya kuutaka.

Kituo cha Gahini kilikuwa kichanga bado. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamekifungua mwaka 1925, na mmoja wa walimu wake wa kwanza alikuwa Kosiya Shalita, Mnyarwanda aliyekulia Ankole. Mwaka 1928 alikuja daktari kijana Mwingereza, Joe Church, akaikuta njaa ikianza. Mwaka mmoja baadaye daktari huyo alikuwa amechoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na Jumapili moja juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Nsibambi. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akimweleza mwenzake udhaifu wake, halikuwa jambo la kawaida katika Uganda ya mkoloni. Wapo wamisionari waliolichukia waliposikia.

Daktari akarudi Gahini na nguvu mpya, lakini Gahini yenyewe ilikuwa vilevile. Hospitali ilikuwa na wafanyakazi waliogombana na walimu. Upande wa hospitali kiongozi wao alikuwa Yosiya Kinuka, Mhima kutoka Ankole aliyekuwa ametibiwa kidonda hospitalini Kabale, akabaki kufundishwa kazi ya uuguzi. Upande wa shule alikuwa Blasio. Kinuka hakumpenda Blasio wala dini yake ya moto. Aliona ni Mganda anayekuja kuwaambia wengine namna ya kuishi, na pengine hakukosea kabisa, kwa sababu Blasio alikuwa mtu wa kusema jambo usoni.

Kinuka alifika mahali pa kutaka kuacha kazi. Daktari akamshauri aende kwanza Kampala akamwone Nsibambi. Alikwenda. Alimweleza mwenyeji wake mambo yote mabaya ya hospitali ya Gahini, na Nsibambi badala ya kumhurumia akamgeuzia swali: kama hospitali ni mbovu, je, moyo wa mkuu wa wafanyakazi wake ukoje? Kinuka alirudi akiwa na hasira, lakini njiani, juu ya lori, hasira ikamtoka na akayakubali yale aliyoambiwa. Alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine. Yeye na Blasio, waliokuwa mahasimu, wakawa washirika wa kazi hadi kifo kilipowatenganisha.

Mwishoni mwa 1933 viongozi wa Kikristo kutoka Rwanda, Burundi na kusini mwa Uganda walikutana Gahini kwa mkutano wa siku kadhaa. Siku zilipita bila jambo. Katika maombi ya mwisho mtu mmoja alisimama akaungama makosa yake waziwazi, akafuata mwingine, na mwingine, kwa zaidi ya saa mbili. Halikuwa limewahi kuonekana. Lakini mkutano ukaisha, watu wakarudi kwao, na Gahini ikarudia hali yake.

Blasio alikwenda tena Mukono kusomea uchungaji, akapewa ushemasi mwaka 1934, akarudi Gahini kuongoza shule ya wainjilisti. Sasa alikuwa na kola ya kichungaji, na ndani yake alikuwa mnyonge kuliko alivyokuwa mwalimu. Aliwafundisha vijana watakaopelekwa vilimani kuhubiri, na aliwaona wakitoka na cheti bila kitu kingine. Makanisa yalijaa. Watu walibatizwa kwa sababu ubatizo ulifungua mlango wa shule, na shule ilifungua mlango wa kazi. Pombe, uzinzi, wizi wa vitu vya kituo na chuki za kikabila viliendelea chini kwa chini, na Jumapili wote walikutana mezani pa Bwana. Yeye mwenyewe alihubiri bila kuona lolote likibadilika. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Ndipo katika mwaka 1935 akaomba ruhusa, akajifungia.

Mfungo wa namna yake haukuwa na kalenda. Waislamu wana Ramadhani, Wakatoliki na Waorthodoksi wana Kwaresima, na mtu anajua tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Katika mfungo kama wa Kigozi mtu alichagua mwenyewe, na Injili inamtaka afanye kwa siri, anawe uso asijulikane. Mfungo wa kuombea watu wa mahali pamoja ni wa zamani sana katika Biblia. Ezra alifunga pamoja na msafara wake kando ya mto Ahava kabla ya safari ndefu ya kwenda Yerusalemu, wakiwa wamebeba fedha na dhahabu njiani penye wanyang'anyi, kwa kuwa aliona haya kumwomba mfalme askari wa ulinzi. Nehemia alifunga aliposikia kwamba ukuta wa mji wa baba zake umebomolewa. Alipoomba hakusema tu kwamba watu wake wamekosa, alijitia na yeye mwenyewe na nyumba ya baba yake. Baadaye, ukuta ulipokuwa ukijengwa, ndiye aliyewalazimisha matajiri wa mji warudishe mashamba na riba waliyowatoza ndugu zao wenye njaa. Na nabii Isaya aliukemea mfungo wa watu wanaojinyima chakula huku wakiwabana wafanyakazi wao siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu anayefunga kwa ajili ya mlima wake anaweza kutoka akiwa na orodha ya makosa ya wengine, au anaweza kutoka na yake. Blasio aliingia kibandani akiwa na orodha ya Gahini. Alikaa humo juma zima.

Alipotoka hakwenda kanisani. Alikwenda nyumbani kwa mkewe, Katalina, akamweleza makosa yake kama mume, akamwomba msamaha. Kwa mwanamume wa jamaa ya kichifu, tena shemasi, hilo lilikuwa jambo zito. Heshima ya bwana wa nyumba ilisimama juu ya kutokubali kosa mbele ya mke. Baada ya hapo ndipo alipokwenda shuleni, mbele ya wanafunzi na wenzake.

Wale waliomjua kabla waliona tofauti. Ukali wake haukuondoka, na haifai kumchora kama malaika. Aliendelea kusema jambo usoni, na wapo waliomkimbia. Lakini sasa alisema akiwa amejianza yeye, na watu wakamsikiliza hata walipochukia. Wafuasi wa mwamko huo walipewa jina la utani, Abaka, wale wanaowaka moto. Lilikuwa jina la dhihaka, na wao wakalibeba.

Septemba 1935 yeye, Kinuka, Nsibambi, Joe Church na wenzao walialikwa Kabale, upande wa Uganda, kuongoza mkutano wa Wakristo wa Kigezi. Huko ndiko jambo lilipotoka mikononi mwa wahubiri. Watu walilia makanisani na majumbani usiku. Wakaanza kurudisha vitu: ng'ombe walioibwa, fedha, mali ya waajiri, madeni ya miaka waliyoyakana. Mtu alitembea siku nzima kumtafuta aliyemdhulumu. Wengine walifika kwa mwenye duka na kuweka juu ya meza thamani ya kitu ambacho mwenye duka hakujua kuwa kiliibwa.

Katika habari zote za mwamko huu, hizi za kurudisha mali ndizo ambazo hata wapinzani hawakuzikana. Ndoto, vilio na nyimbo za usiku vilibishaniwa sana, tena mara nyingine kwa haki, kwa maana palikuwa na vurugu na mambo ya kupita kiasi. Lakini ng'ombe aliyerudi zizini hana ubishi. Mfanyabiashara anaelewa hili bila kufafanuliwa. Toba isiyogusa mfuko haimgharimu mtu, na toba ya Kabale iligusa mfuko.

Januari 1936 Blasio alisafiri kwenda Kampala. Sinodi ya Kanisa la Uganda ilikuwa karibu kukutana, na yeye, shemasi kijana kutoka kituo cha mbali katika nchi nyingine, alikuwa ameandaa hoja tatu za kuwekwa mbele ya askofu na wajumbe. Ya kwanza iliuliza ni nini kilicholifanya Kanisa la Uganda lipoe na kufa. Ya pili ililalamika kwamba watu wanaojulikana kuishi katika dhambi wanakaribishwa kwenye meza ya Bwana bila kuulizwa. Ya tatu iliuliza la kufanya ili uhai urudi. Kila alipohubiri alirudia neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka.

Sinodi hakuiona. Aliugua homa ya papasi, ile inayoletwa na wadudu wanaojificha katika sakafu za udongo na nyufa za nyumba za kulala wageni. Wasafiri wa njia hizo waliiogopa kuliko simba. Siku hizi inatibika. Mwaka 1936 haikuwa rahisi kutibika hivyo, na Blasio alikuwa amechoka kwa safari na kazi. Alifariki Kampala tarehe 25 Januari, akamwacha Katalina na watoto wadogo.

Hoja zake zilifika bila yeye. Askofu Cyril Stuart aliziweka mbele ya Sinodi, na wajumbe waliomjua kijana huyo, na wengi ambao hawakumjua, wakazisikia kama maneno ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Mzee wa kanisa anaweza kumjibu shemasi msumbufu aliye hai. Kumjibu marehemu ni vigumu zaidi. Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kuadhimisha mwaka 1937 miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza wafike kwa Kabaka Mutesa, na sasa maadhimisho yakapangwa kuwa mwaka wa mahubiri nchi nzima.

Kutoka hapo habari ikafuata barabara za biashara. Timu ya wahubiri, Waafrika na Wazungu wakisimama jukwaa moja, iliingia Kenya mwaka 1937. Mwaka 1939 walikuwa Katoke, magharibi mwa Ziwa Viktoria katika Tanganyika, na kutoka huko ukafika kwa Walutheri wa Buhaya. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Bukoba na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alitoka katika mwamko huo. Ulienda Burundi na Kongo. Hawakuwa na ofisi, wala kadi ya uanachama, wala mweka hazina. Walikuwa na wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza, walioimba watu wasiojua Kiganda, na ulikuwa kama hati ya kusafiria. Mgeni aliyeshuka kwenye lori katika mji asiomjua mtu aliwatafuta ndugu, akapata mahali pa kulala na chakula. Kila juma walikutana, na katika mkutano huo mtu alitarajiwa kuyasema makosa yake, pamoja na ya fedha. Aliyekopa na kukimbia aliulizwa mbele ya wenzake. Kwa watu wanaofanya biashara kwa kuaminiana, bila mahakama inayovuka mpaka, jambo hilo lilikuwa na thamani yake ya wazi, ingawa halikuanzishwa kwa ajili hiyo.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Walokole, kama walivyoitwa, waliweza kuwa wepesi wa kuhukumu, na kuungama hadharani kuliweza kugeuka silaha ya kuwalazimisha wengine waungame pia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuoni Mukono, chuo alichosoma Blasio, kwa sababu ya maombi yao ya alfajiri na ukaidi wao mbele ya wakubwa wa chuo. Kiongozi wao alikuwa William Nagenda, shemeji yake Blasio. Kenya, wakati wa Mau Mau, ndugu waliokataa kula kiapo na pia kukataa kubeba bunduki ya serikali walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Rwanda nako, chuki za kikabila ambazo Blasio aliziona zikienda chini kwa chini zilikuja juu, mara ya kwanza mwaka 1959, kisha 1994. Wapo ndugu waliokufa kwa kukataa kumtenga jirani yao, na wapo waumini wa makanisa yaleyale walioshika panga. Wanaosimulia mwamko wa Gahini bila kutaja hili wanasimulia nusu.

Nsibambi aliishi hadi 1978, mzee wa kanzu nyeupe aliyeombwa ushauri na watu kutoka nchi tano. Kinuka alipata ukasisi. Nagenda, kabla ya mambo ya Mukono, alikuwa amekwenda Gahini mwaka 1936 kuendeleza kazi iliyoachwa wazi na shemeji yake.

Hapo Gahini penyewe, mlima ulioombewa juma lile, jambo lilichelewa. Kabale ilikuwa imewaka, Kampala ilikuwa imezisikia hoja tatu, na kituo chenyewe bado kilikuwa na ugomvi wake wa hospitali na shule. Ilikuwa katikati ya 1936, miezi mitano hivi baada ya kifo chake, ndipo watu wa Gahini walipoanza kukusanyika usiku bila kuitwa, wanafunzi, wauguzi na wagonjwa, wakiungama na kuimba hadi karibu na asubuhi.